Funika udongo wa ploti, lakini majani ya kula yaote kwenye ndoo

Pita Lucky Summer saa nane mchana mwezi wa Februari, kabla mvua haijafika, utakiona kipande hicho cha ardhi karibu kila ploti. Kiko kati ya ukuta na mtaro, pengine upana wa hatua mbili tu. Hakijawekwa kabro, hakina nyasi, na hakuna anayesema ni chake. Kuku huchakura hapo, watoto hucheza bano hapo, na maji ya kufulia humwagwa hapo. Kiangazi, kipande hicho ni vumbi linaloingia hadi kwenye sufuria. Masika ni tope linalopanda na viatu hadi orofa ya tatu.

Makala haya yanahusu mmea mmoja unaoweza kukifunika kipande hicho kwa gharama ndogo sana, na sababu ya kufanya hivyo ambayo ni kubwa kuliko urembo. Mkazi atakayesoma nusu tu, tunamwomba asome ile sehemu inayohusu watoto.

Mmea wenyewe

Wanasayansi huuita Coleus amboinicus, na vitabu vya zamani kidogo huuita Plectranthus amboinicus. Kwenye vitalu vya miche unauzwa kwa majina mengi: wengine husema oregano, wengine ajwain, wengine minti nene. Jina lisikusumbue. Utautambua kwa jani: nene, limejaa maji, linavunjika kwa sauti ukilikunja, lina meno ya mviringo ukingoni, na juu yake kuna manyoya mafupi laini kama ya mahameli. Ukilisugua kidogo kwa vidole, hutahitaji tena kuuliza. Harufu yake iko kati ya minti na dawa ya kuchua kifua, na hukaa mkononi hadi jioni.

Ni ndugu wa minti, rehani na rosemari, na ni ndugu wa karibu zaidi wa maigoya, ule mmea wa maua ya samawati ambao waliokulia Kiambu, Murang'a au Nyeri wanaukumbuka kama ua la boma na kama majani ya kufunikia ndizi ziive. (Matumizi yale mengine ya majani ya maigoya, ya chooni, wazee watawaeleza vijana.) Tofauti ni kwamba maigoya husimama na kuwa kichaka kirefu kuliko mtu, lakini huu wetu huinuka hadi magotini, kisha matawi hulala chini, na kila kifundo kinachogusa udongo huota mizizi. Ndiyo maana unafaa kufunika ardhi.

Tunauita wetu kwa haki. Jina la pili, amboinicus, linatokana na kisiwa cha Ambon, huko Maluku nchini Indonesia, na aliyeuandika kwa mara ya kwanza katika kitabu cha sayansi, mwaka 1790, alikuwa mmishonari Mreno, João de Loureiro, aliyeishi miaka mingi katika nchi ambayo leo ni Vietnam. Hata hivyo asili yake ya porini ni pamoja na upande huu wa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Ulisafirishwa ukaenda Asia na visiwa vya Karibi, ukapewa majina ya huko, na sasa tunauziwa kama mgeni.

Udhaifu wake mkubwa ni baridi ya sakitu. Mtu wa Limuru atakuwa na kazi ya kuulinda usiku wa Julai. Eastlands hatuna sakitu, kwa hiyo hapa huishi mwaka hadi mwaka, ingawa Juni na Julai hukua polepole na majani ya chini hugeuka manjano. Si ugonjwa. Ni baridi tu.

Kwa nini kufunika udongo

Lucky Summer ni jirani wa Korogocho, na ng'ambo ya Mto Nairobi liko jaa la Dandora, ambalo limepokea taka za jiji hili tangu miaka ya sabini. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapa hapa Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango ambacho wakati huo ndicho kilichohesabiwa kuwa hatari. Asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi karibu mara kumi ya kiwango cha udongo usiochafuliwa. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakali zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Hatusemi kwamba udongo wa kila ploti ya Lucky Summer una risasi. Ploti mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana sana, kulingana na udongo wa kujazia ulitoka wapi, palikuwa na gereji au la, betri kuukuu zilivunjwa wapi, na ukuta ulipakwa rangi gani miaka thelathini iliyopita. Kandokando ya barabara kuu kuna pia mabaki ya petroli yenye risasi, ambayo nchi hii iliacha kuitumia mwanzoni mwa 2006. Risasi haiozi wala haivukizwi na jua. Iliyoanguka mwaka 1985 ingali pale, sentimita chache chini ya soli ya kiatu.

Tunachosema ni kwamba huwezi kuijua kwa macho, wala kwa harufu, wala kwa jinsi sukuma inavyostawi. Sukuma hustawi vizuri tu kwenye udongo wenye risasi.

Sasa fikiria mtoto wa miaka miwili. Risasi haimfikii kwa miujiza. Anaketi kwenye ardhi tupu, anashika udongo, anatia kidole mdomoni. Mchana upepo unapeperusha vumbi, linatua kwenye kizingiti na kwenye kikombe. Mtoto mdogo humeza udongo zaidi kuliko mtu mzima, na mwili wake huinyonya risasi kwa urahisi zaidi. Haionyeshi dalili za haraka. Inaonekana baadaye, mtoto akishindwa kutulia au kushika masomo, na mzazi anamlaumu kwa uvivu. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachotoa jibu la hakika.

Hatua ya kwanza ambayo mwananchi anaweza kuchukua bila kusubiri mtu yeyote ni kuhakikisha udongo hauko wazi. Mmea unaofunika ardhi hauondoi risasi, na anayekuambia kwamba unaisafisha anakudanganya. Unachofanya ni kuizuia isipeperuke, isirushwe na matone ya mvua, isipate mikono ya watoto. Nyasi zingefanya kazi hiyo pia, ila nyasi zinataka maji mengi na kufyekwa, na mtoto huketi juu yake. Kabro huzuia vumbi kabisa, lakini maji ya mvua yakikosa pa kuzama hukimbilia kwa jirani aliye chini, na tuliyoyaona Aprili 2024 kando ya mito ya Nairobi yanatosha.

Manyoya yale yale

Hapa ndipo tunaomba umakini, kwa sababu mmea huu unaliwa.

Manyoya ya jani lake hushika vumbi. Kwa kazi ya kufunika ardhi hiyo ni faida, maana vumbi linalopita linanaswa hapo badala ya kuingia ndani. Kwa kazi ya kitoweo ni hasara. Jani la sukuma ni laini, ukilisuuza vizuri udongo mwingi unaondoka. Jani hili lenye mahameli hulisafishi kirahisi hivyo, hata ukilisuuza mara tatu.

Kwa hiyo panda mahali pawili. Wa chini ni wa kufunika ardhi, na hauliwi. Wa kuliwa uote kwenye ndoo au gunia, kibarazani au juu ya paa, mbali na barabara, ukiwa na udongo unaojua ulikotoka. Vipandikizi ni vya mmea mmoja, kazi ni mbili. Waeleze na watoto, na mgeni anayekuja kuchuma bila kuuliza.

Udongo wa kwenye ndoo uwe umetoka shambani mahali safi au kwa muuza miche unayemwamini, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri na mchanga. Usikubali kuuziwa udongo mweusi mzuri uliochotwa jaani, hata ukiitwa mboji. Usitumie kopo la rangi wala la oili ya gari, na kamwe usitumie ganda la betri. Ndoo ya mafuta ya kupikia inatosha. Toboa matundu matano au sita chini.

Kupanda

Mwombe jirani aliye nao. Mmea huu haununuliwi ila na asiyekuwa na majirani. Kata matawi yenye urefu wa kiganja, takriban sentimita 10 hadi 15, uondoe majani ya chini, uyaache kivulini siku moja ili jeraha likauke. Wengi huruka hatua hiyo, kisha kipandikizi kinaoza kwa sababu shina limejaa maji. Kikishakauka, chomeka vifundo viwili ndani ya udongo wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki mbili au tatu, kikishikilia ukikivuta polepole, kimeota.

Tatizo la Eastlands ni udongo. Sehemu nyingi ni ule mweusi unaopasuka kiangazi hadi nyufa zinameza funguo, na masika unanata kama ulimbo. Hushika maji siku nyingi, na mmea wenye majani ya maji hautaki miguu yake ikae majini. Mimi mwenyewe nilipanda mara ya kwanza katikati ya Aprili, kwenye udongo huo, nikajivunia kwamba sitahitaji kumwagilia. Kufikia Mei mashina yalikuwa meusi na laini kama ndizi iliyosahaulika. Nilipojaribu tena niliinua tuta sentimita 15 juu ya ardhi, chini nikatandaza kokoto, juu nikaweka udongo uliochanganywa na mchanga na mboji, nikapanda mwishoni mwa mvua. Ule tuta ungali pale.

Kwa kuinua tuta unapata pia safu safi juu ya udongo wa zamani, jambo linalofaa hata pasipokuwa na maji ya kutuama. Usichimbe sana. Kwanza, kuchimba huleta juu kilichokuwa kimezikwa. Pili, kwenye vipande vya kando ya mtaro hupita mabomba ya maji na nyaya. Na kwa kuwa ukanda wa barabara si mali ya ploti, na ardhi ya ndani ya lango ni ya mwenye nyumba, ongea na mwenye nyumba au msimamizi kabla ya kuanza. Mpangaji aliyepanda bila kusema hung'olewa mimea bila kuambiwa. Kilimo cha mjini chenyewe si kosa: kaunti hii ina sheria ya kukikuza na kukidhibiti tangu 2015.

Panda kwa nafasi ya futi moja hadi moja na nusu. Kipande cha mita moja kwa mita moja kitataka vipandikizi tisa hivi, na kwa miezi minne au mitano kitakuwa kimefunikwa. Katika miezi hiyo ya mwanzo tandaza majani makavu au nyasi zilizokatwa kati ya mimea, ili ardhi isikae uchi ikingojea. Na zungushia vijiti au wavu, la sivyo kuku watachakura kipandikizi kabla hakijaota.

Jua la asubuhi na kivuli cha mchana ndiyo hali inayoupendeza zaidi, na bahati nzuri kati ya majengo yetu ya orofa ndiyo hali iliyopo. Kwenye jua kali siku nzima majani huwa madogo na kupauka. Kwenye giza la korido huwa marefu na legevu, na ardhi haifunikwi vizuri.

Maji, na mkasi

Kwa nyumba inayopata maji mara mbili kwa wiki, huu ni mmea wa kuaminika. Ukishika, lita chache kwa wiki zinatosha mita moja ya mraba wakati wa kiangazi, na hata ukiusahau wiki mbili utanywea lakini hautakufa. Gusa jani: likiwa gumu, acha. Likianza kulegea, mwagilia shinani, si juu ya majani. Maji ya mwisho ya kusuuza nguo yanafaa kwa ule wa chini, mradi hayana jiki wala dawa ya choo. Maji ya mtoni au ya mtaro wa maji taka usiyatumie hata kwa ule wa mapambo, maana unaleta tena uani uchafu uliokusudia kuufukuza.

Kata ncha mara moja kila mwezi. Mtu huona huruma kukata mmea unaostawi, lakini usipokata, unainuka, unakuwa mti mtupu chini na majani juu, na ardhi inaonekana tena. Ukikata, kila ncha huleta mbili. Baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, mashina ya katikati huwa magumu kama kuni. Yang'oe, chomeka ncha changa mahali pake. Mabaki ya ule wa ardhini yasiingie kwenye mboji ya mboga.

Wadudu ni wachache. Angalia vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba kwenye mikunjo ya shina; maji yenye sabuni kidogo na kitambaa vinatosha.

Yanayosemwa juu yake

Husemwa kwamba unafukuza mbu. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye majani yana kemikali kali, kavakroli na thaimoli, zile zile zinazotoa harufu hiyo, na mafuta hayo ni makali kwa wadudu. Mmea uliokaa kimya uani haukamui mafuta yake kwa faida yako. Lala ndani ya neti, mwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na makopo.

Husemwa pia kwamba unatibu kikohozi. Kusini mwa India akina mama wamewachemshia watoto majani yake kwa vizazi vingi, na kikombe cha chai ya jani moja au mawili kwa mtu mzima mwenye mafua hakina ubaya. Mjamzito na mtoto mchanga waulize kwanza kwenye kliniki. Na kikohozi kilichofikisha wiki mbili si cha majani tena. Nenda kituo cha afya cha umma upimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure.

Jikoni, kwa yale ya kwenye ndoo, anza na jani moja lililokatwakatwa kwenye sufuria ya maharagwe au mchuzi wa mbuzi, dakika tano kabla ya kuepua. Ukitia matano mara ya kwanza, nyumba nzima itakataa chakula na utalaumu makala haya. Watu wa Gujarati huchovya jani zima kwenye unga wa dengu na kulikaanga bajia, na hilo tunalipendekeza bila masharti. Mbwa na paka wasile. Mafuta hayo huwasumbua tumbo.

Iwapo mtoto wako hucheza kwenye udongo ulio wazi na una wasiwasi, mwambie mhudumu wa afya mahali mnapoishi na anapochezea, na uulize kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu. Wakati huo huo osha mikono yake kabla ya kila mlo, acheni viatu mlangoni, na deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia makavu. Mlo wenye madini ya chuma na kalsiamu, kama managu, dengu, omena na maziwa ikipatikana, hupunguza kiasi cha risasi kinachonyonywa na mwili. Anayetaka udongo wake upimwe aseme wazi kwenye maabara kwamba anataka kipimo cha metali nzito. Kile cha kawaida cha rutuba hakionyeshi risasi.

Mvua za vuli zikianza Oktoba, vipandikizi vya kwenye ndoo viwe tayari vimeota mizizi kuanzia Septemba. Vihamishie kwenye tuta Novemba mwishoni, mvua ikipungua. Kufikia Februari ijayo kuku watatafuta mahali pengine pa kuchakura.